Erbi, holmi, disprosi au terbi: yupi wa kuoana na kobalti?

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wanaoanza shahada ya uzamili ya fizikia ni hili: nataka kutafiti upozaji kwa sumaku, nina pesa ya kununua metali adimu moja tu ya kuchanganya na kobalti, kobalti ipo, tanuri lipo, mashine ya kupimia usumaku inafikia uga wa tesla 5. Nichukue ipi?

Wengi huwa wameshajijibu kabla ya kuuliza. Wamefungua makala mbili tatu, wakaona kwenye grafu ya entropia kilele cha ErCo₂, kampaundi ya erbi na kobalti, kimesimama kama mnazi katikati ya migomba, wakasema basi, ndiye huyo. Huenda wamepatia. Ila sababu waliyochagulia ni mbovu, na sababu mbovu itakuja kuwadai mwezi wa sita wa utafiti, wakati heli ya kupozea imekwisha na sampuli imepasuka. Urefu wa kilele ni kitu cha mwisho kutazama. Cha kwanza ni jotoridi unaloweza kulifikia na kulitumia.

Tuanze na kinachopimwa. Kipande cha metali yenye usumaku ukikiingiza kwenye uga mkali wa sumaku, spini zake, yaani visumaku vidogo vya atomu, hujipanga. Vurugu ya spini, yaani entropia yake, hupungua, na joto lake huhamia kwenye fuwele, yaani safu za atomu zenyewe. Kipande kinapata moto. Kiache kitoe joto hilo nje, kisha ondoa uga: spini zinatawanyika tena, safari hii zikichota joto kutoka kwenye fuwele, na kipande kinakuwa baridi kuliko kilivyoanza. Hiyo ndiyo athari ya magnetokaloriki. Pierre Weiss na Auguste Piccard waliiona kwenye nikeli wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1933 William Giauque na Duncan MacDougall waliitumia kwa chumvi ya gadolini wakashuka hadi kelvini 0.25, na Giauque akapewa Nobel ya kemia mwaka 1949.

Kampaundi tunazozilinganisha hapa ni za familia moja: atomu moja ya metali adimu kwa atomu mbili za kobalti, zimejipanga katika fuwele za mchemraba zinazojulikana kwa jina la Laves (Er ni erbi, Ho holmi, Dy disprosi, Tb terbi, Gd gadolini, Co kobalti). Jotoridi la badiliko ni pale mpangilio wa usumaku unapovunjika ukipasha; safu ya mwisho ni upungufu wa entropia pale uga unapopandishwa kutoka sifuri hadi tesla 5. Namba hutofautiana kidogo kati ya maabara na maabara, kwa hiyo nimeweka masafa.

| Kampaundi | Jotoridi la badiliko (K) | Aina ya badiliko | Entropia, 0–5 T (J/kg·K) |
|---|---|---|---|
| ErCo₂ | 32–35 | ghafla (daraja la kwanza) | 33–38 |
| HoCo₂ | 75–83 | ghafla | 20–23 |
| DyCo₂ | karibu 140 | ghafla, lakini dhaifu | 11–14 |
| TbCo₂ | 227–235 | taratibu (daraja la pili) | 6–7 |
| GdCo₂ | karibu 400 | taratibu | ndogo zaidi |

Macho ya kila mtu hukimbilia safu ya mwisho. Yarudishe kwenye ya pili. Jotoridi linapanda kutoka erbi hadi gadolini kwa mpangilio usio wa bahati nasibu. Wanafizikia wana kipimo kinachoitwa kizio cha de Gennes, kinachosema ni kiasi gani spini ya metali adimu inaweza kuwavuta majirani zake: erbi 2.55, holmi 4.5, disprosi 7.08, terbi 10.5, gadolini 15.75. Ziweke namba hizo pembeni ya jedwali uone zinavyopanda pamoja. Ukijua hivyo, unaweza kukisia mahali mchanganyiko wa metali mbili utakapoangukia kabla hujawasha tanuri.

Sasa hesabu ninayomtaka kila mwanafunzi aifanye mwenyewe, kwa kalamu. Akiba yote ya entropia iliyomo kwenye spini za metali adimu hutokana na idadi ya namna spini hiyo inavyoweza kuelekea. Erbi ina namna 16, holmi 17, disprosi 16, terbi 13. Chukua logarithi asilia ya idadi hiyo, zidisha kwa 8.314, gawa kwa uzito wa moli ya kampaundi. Utapata takriban J/kg·K 81 kwa ErCo₂, 83 kwa HoCo₂, 82 kwa DyCo₂, 77 kwa TbCo₂.

Tazama tena. Akiba ni ileile! ErCo₂ haina utajiri ambao wenzake hawana. Tofauti iko kwenye kiasi unachoruhusiwa kutoa kwa mkupuo mmoja. Kwa tesla 5 erbi inatoa asilimia 40 na kitu ya akiba yake, holmi robo hivi, disprosi kama sehemu moja ya saba, terbi haifiki sehemu ya kumi. Sababu kubwa ni jotoridi lenyewe. Usumaku wa atomu ya erbi, bohr magnetoni 9 (kipimo cha usumaku wa atomu), ukiwekwa ndani ya tesla 5 hupata nishati inayolingana na kelvini 30. Dhidi ya badiliko la kelvini 32, hiyo ni nguvu ya kutikisa nyumba. Dhidi ya kelvini 230 za terbi ni mtu mmoja anayesukuma lori. Ndiyo maana kuziweka ErCo₂ na TbCo₂ kwenye grafu moja na kutangaza mshindi ni kushindanisha mwogeleaji na mkwea mlima. Hazifanyi kazi mahali pamoja.

Baridi, hata hivyo, haielezi kila kitu. Kuna kobalti, na hapa ndipo familia hii inaponoga.

Mwangalie kobalti akiwa hana wa kumsukuma. Kwenye YCo₂ na LuCo₂, itri na luteti hazina usumaku wao wenyewe, na hapo kobalti naye hana. Lakini yuko ukingoni kabisa. Mwaka 1962 Wohlfarth na Rhodes walieleza kinadharia kwamba elektroni za metali ya namna hii, ambazo hazikai kwenye atomu moja bali huzurura kwenye fuwele nzima, zinaweza kurukia usumaku kwa ghafla uga ukizidi kiwango fulani. Ilibidi wapimaji wasubiri hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 kupata mipigo ya uga yenye nguvu ya kutosha. YCo₂ iliruka karibu na tesla 70, na LuCo₂ juu kidogo ya hapo.

Hakuna maabara ya kawaida yenye tesla 70. Lakini erbi anazo. Mweke mahali pa itri, na spini zake zikishajipanga, uga wa ndani anaomtupia kobalti unavuka ule ukingo. Kobalti anaamka, anapata karibu bohr magnetoni 1 kwa kila atomu, na anaelekea kinyume cha erbi. Toa kobalti wawili kwenye 9 za erbi, unabaki na 7 hivi. Kwa gadolini ni 7 toa 2, na vipimo vya GdCo₂ vinakupa karibu 4.9.

Pasha ErCo₂ joto sasa. Mpangilio wa erbi unalegea kidogo kidogo, uga unaompata kobalti unashuka hadi chini ya ukingo, kobalti anapoteza usumaku wake wote kwa mara moja. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwashikanisha erbi, nao wanasambaratika papo hapo. Hilo ndilo badiliko la daraja la kwanza: wanaanguka pamoja kwa sababu walikuwa wameegemeana. Holmi na disprosi huanguka hivyohivyo, kila mmoja kwa kishindo kidogo kuliko aliyemtangulia. Kwa terbi na gadolini, joto lenyewe limeshaulainisha ule ukingo, basi usumaku unateremka mteremko badala ya kudondoka. Mwaka 1975 Bloch na wenzake walichora mpaka karibu na kelvini 200: chini yake ghafla, juu yake taratibu. Mpaka huo una wakorofi wake. NdCo₂ (ya neodimi) hubadilika karibu na kelvini 100 na PrCo₂ (ya praseodimi) karibu na 40, lakini zote mbili taratibu, kwa kuwa fuwele zao ni pana zaidi na ukingo wa kobalti umesogea.

Ghafla hiyo ina gharama. Usumaku wa kobalti unapojitokeza, fuwele inavimba. Kwenye ErCo₂ ujazo unaongezeka kwa takriban asilimia 0.4 ikiwa inapozwa, kama barafu kwenye chupa. Rudia mara mia na kipande kigumu kama kioo kinaanza kupata nyufa. Kuna pia histeresisi, yaani njia ya kwenda si njia ya kurudi: ukipoza, badiliko linatokea chini kidogo ya pale lilipotokea ulipopasha. Katika familia hii pengo ni dogo, kelvini moja au pungufu, na hilo linaipa heshima mbele ya Gd₅Si₂Ge₂, ile aloi ambayo Pecharsky na Gschneidner wa maabara ya Ames huko Iowa waliitangaza mwaka 1997 na kuuamsha uwanja mzima.

Jambo jingine ambalo kilele kirefu hulificha: friji haiendeshwi na entropia peke yake. Inahitaji jotoridi lishuke kweli, na kushuka huko ni, kwa makadirio, entropia ikizidishwa kwa jotoridi na kugawanywa kwa uwezo wa metali kubeba joto. Pale penye badiliko la ghafla, uwezo huo nao hupanda kama mwiba. Unaweza kuwa na kilele cha kuvutia na digrii chache mkononi. Zaidi ya hayo, vilele vya ghafla vina tabia yao: ukiongeza uga havirefuki sana, vinapanuka kuelekea kwenye joto zaidi. Vilele vya taratibu hurefuka na kutanuka pande zote mbili. Mhandisi anayehitaji kupoza kutoka kelvini 40 hadi 20 anajali upana kuliko urefu, na mimi namuunga mkono.

Haya, mmoja mmoja.

ErCo₂ ni ya mtu mwenye heli au kipozeo cha mzunguko kinachoshuka chini ya kelvini 20. Kama huna, funga ukurasa. Kama unayo, mahali pake hasa ni kwenye kugeuza hidrojeni kuwa kimiminika. Hidrojeni huchemka kwenye kelvini 20.3, na kuishusha kutoka kelvini 77 za naitrojeni hadi hapo kwa kompresa hula umeme mwingi. Ndiyo sababu watafiti, hasa wa taasisi ya NIMS huko Tsukuba, Japani, wanaizunguka familia hii. Lakini ErCo₂ na hidrojeni si marafiki. Kampaundi za Laves za kobalti hunyonya hidrojeni na fuwele zao huharibika, kwa hiyo lazima utenganishe, ama kwa kupitisha joto kupitia heli ama kwa kuipaka metali ngozi ya kinga. Makala nyingi zinazomsifu ErCo₂ kwa kazi ya hidrojeni hulipita jambo hili kwa sentensi moja, kama mpishi anayekwambia "tia chumvi".

HoCo₂ nina upendeleo nayo, na sioni haya kusema. Badiliko lake kuu liko karibu kabisa na jotoridi la naitrojeni. Naitrojeni kwenye hewa ya kawaida huchemka kwa kelvini 77. Ukiivuta kwa pampu inashuka hadi karibu 64 kabla ya kuganda. Maana yake unaweza kulivuka badiliko la HoCo₂ kutoka juu hadi chini bila hata tone la heli. Kwa maabara ambayo heli huagizwa kwa miezi na kulipiwa kwa dola, hilo halina mfano. Na ukija kupata heli siku moja, sampuli ileile ina hadithi ya pili: kwenye kelvini 16 hadi 18 hivi, spini za holmi hugeuza uelekeo wake ndani ya fuwele, kutoka upande wa mchemraba kwenda kwenye mshazari wa uso wake, na mchemraba uliokuwa umevutika upande mmoja unabadilika umbo tena. Sampuli moja, sura mbili za tasnifu.

DyCo₂ ni ya mtu anayetaka kuchezea mpaka. Badiliko lake ni la ghafla lakini liko karibu na kupoteza ughafla wake, hivyo kobalti kidogo ukiibadilisha kwa alumini, silikoni au chuma, jotoridi linasogea na badiliko linalainika mbele ya macho yako. Kwa swali la "daraja la kwanza huwaje la pili", hapana darasa zuri zaidi. Matumizi? Kelvini 140 ni juu kidogo ya pale gesi asilia inapokuwa kimiminika, kama kelvini 112, na kila ninapotaja hilo kuna mtu wa Lindi hukumbuka mradi wa kuisindika gesi kule. Tusikimbilie huko, viwanda vya gesi hupoza kwa mitambo mikubwa ya kompresa iliyojithibitisha, na sumaku haijafika kwenye ukubwa huo.

TbCo₂ ni ghali, na kilele chake kifupi. Lakini kwa anayesoma fizikia ya mabadiliko ya taratibu ni safi kama maji ya mtungi: hakuna histeresisi, na unaweza kukokotoa vipeo vyake vya karibu na badiliko (namba zinazoeleza usumaku unavyofifia) bila ubishi. Ina pia mvuto wa kujinyoosha kwenye uga. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba ukichanganya TbCo₂ na DyCo₂, terbi inayotaka fuwele ivutike kwa kona na disprosi inayotaka ivutike kwa upande hukutana mahali ambapo metali haijui imfuate nani, na hapo inakuwa nyepesi sana kunyooka. Kama swali lako ni umbo badala ya baridi, nenda huko.

GdCo₂ haipozi cha maana. Inafaa kama kipimo cha kulinganishia, kwa sababu gadolini ni ya mviringo na haijali upande wa fuwele; ukitaka kujua nguvu ya kobalti na metali adimu bila kelele za fuwele, ipime hiyo.

Wapo wanaoongeza gadolini kwenye TbCo₂ ili badiliko lipande hadi joto la chumba, wakiota friji ya jikoni. Kwa nini? Gadolini tupu, bila kobalti yoyote, hubadilika kwenye kelvini 294 na hutoa J/kg·K 10 hivi kwa tesla 5. Kama nia yako ni jikoni, achana na kobalti kabisa: chukua gadolini au aloi za lanthani, chuma na silikoni.

Ushauri wa kuchagua moja una mwanya wake, maana erbi na holmi huchanganyika bila kugombana. Badilisha uwiano wake ndani ya kobalti na badiliko hutembea kati ya kelvini 32 na 80 huku likibaki la ghafla. Msururu wa vipande vitano sita vya namna hiyo, vimepangwa kutoka vuguvugu hadi baridi, ndiyo njia ya kuifunika ile nafasi kati ya naitrojeni na hidrojeni.

Mpinzani wa kweli wa msururu huo ni ukoo wa jirani, wenye alumini badala ya kobalti. ErAl₂ hubadilika karibu na kelvini 13, HoAl₂ karibu na 30, DyAl₂ karibu na 60. Alumini haina usumaku wa kuamka wala kulala, hivyo mabadiliko yote ni ya taratibu, hakuna histeresisi, hakuna kuvimba kwa ghafla. HoAl₂ iko karibu mlango kwa mlango na ErCo₂, na kilele chake si kifupi kwa kiasi cha kudharaulika. Mwaka 2020 NIMS walitangaza pia HoB₂, iliyogunduliwa kwa kumwachia kompyuta achambue takwimu za kampaundi nyingi. Inatoa J/kg·K 40 hivi kwenye kelvini 15. Ningekuwa ninajenga mashine ya kufanya kazi miaka kumi, ningeanza na alumini na ningemwita kobalti pale tu uga wangu ni mdogo, tesla moja au mbili, maana hapo ndipo ughafla unapolipa. Kwa tasnifu ni kinyume. Kobalti ana mambo ya kusimulia.

Utengenezaji wa kampaundi hizi za kobalti ndio unaowatoa watu jasho. Metali huyeyushwa kwa tao la umeme ndani ya gesi ya agoni, hugeuzwa na kuyeyushwa tena mara kadhaa, kisha kipande hufungwa ndani ya mrija wa kwatzi usio na hewa na kupikwa kwa siku saba hivi kwenye nyuzi 850 hadi 900 za Selsiasi. Usiruke hatua hiyo. Kampaundi hizi hazigandi moja kwa moja kutoka kwenye uji. Kwanza hutokea RCo₃ (R ni metali adimu yoyote), ambayo baadaye lazima imeze metali iliyobaki ili igeuke RCo₂, na bila siku za kutosha tanurini hubaki makombo. RCo₃ za metali hizi bado ni sumaku hata juu ya joto la chumba. Asilimia mbili tu zitakutilia usumaku wa bandia mahali pasipotakiwa kuwa na chochote. Niliwahi kuhangaika wiki nzima na "badiliko jipya" lililokuwa uchafu wangu mwenyewe. Pima juu ya jotoridi la badiliko: mstari wa usumaku dhidi ya uga usipopita kwenye sifuri, rudisha tanurini.

Mtego wa pili uko kwenye upimaji, na unawahusu erbi, holmi na disprosi, sio terbi. Entropia wengi huikokotoa kutoka kwenye mistari ya usumaku kwa uhusiano wa Maxwell, kanuni inayounganisha usumaku na entropia. Kwenye badiliko la ghafla, kama hukupasha sampuli hadi juu ya badiliko kabla ya kila mstari mpya, inabeba kumbukumbu ya mstari uliopita, na hesabu inazaa mwiba mrefu usiokuwepo. Ukiona kilele kinachokaribia akiba yote ya 81, usifungue soda. Tumia pia kigezo cha Banerjee cha mwaka 1964: chora mraba wa usumaku dhidi ya uga uliogawanywa kwa usumaku, mteremko ukiwa hasi mahali fulani, badiliko ni la ghafla.

Upatikanaji nao si jambo dogo. Kobalti iliyomo kwenye karibu kila maabara duniani ina uwezekano mkubwa wa kuwa imetoka Kolwezi au Likasi na vitongoji vyake. Kongo huchimba zaidi ya theluthi mbili ya kobalti yote ya dunia, na anayeipakia kwenye lori huko Lualaba huongea Kiswahili kama wewe na mimi. Metali adimu ni habari nyingine. Ngualla mkoani Songwe na Gakara nchini Burundi ni amana za kweli, ila utajiri wake uko kwenye metali nyepesi: lanthani, seri, neodimi, praseodimi. Erbi na wenzake wazito wanne wa jedwali letu hutoka zaidi kwenye udongo wa mfinyanzi wa kusini mwa China na wa Myanmar jirani. Udongo wa aina hiyo uko pia Makuutu, mashariki mwa Uganda.

Terbi na disprosi zinagombewa na watengenezaji wa injini za magari ya umeme, wanaozitia kwenye sumaku ili zistahimili joto. Bei yake inaumiza. Aprili 2025 China iliweka masharti ya kibali kwa mauzo ya nje ya metali saba, terbi, disprosi na gadolini zikiwemo. Erbi na holmi hazikuwemo kwenye orodha hiyo ya kwanza. Oktoba zikatangazwa nazo, kisha utekelezaji ukasitishwa kwa muda. Kwa hiyo, uliza muuzaji kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, na ulize kuhusu usafi: asilimia 99.9 inatosha kwa kuanzia, lakini hakikisha namba hiyo inahesabu na oksijeni, maana wauzaji wengi huhesabu metali peke yake.

Mwenye kipozeo cha heli na swali la hidrojeni, achukue erbi, na aagize alumini pamoja na kobalti ili alinganishe mwenyewe. Anayependa nadharia ya mpaka achukue disprosi kama mfuko unaruhusu. Kwa yule aliyeniuliza mwanzo, mwenye metali moja, naitrojeni, pampu na tesla 5, jibu langu ni holmi. Agiza gramu chache zaidi ya hesabu: holmi hufuka ndani ya tao la umeme, na usipoifidia kwa asilimia mbili tatu, kitakachobaki mezani ni HoCo₃.